Ukiona Mwenzako Ananyolewa: Wembe, Mashine na Dawa za Kuondoa Nywele



Wahenga walisema: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali hii tunaitumia kumwambia mtu ajiandae, kwa sababu jambo lililompata jirani linaweza kumfikia na yeye. Lakini leo tuichukue kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu ina elimu ya afya ndani yake. Nywele zilizoloa maji hulainika na kuvimba kidogo. Wembe hupita bila kung'ang'ana, na ngozi haichanwi. Nywele kavu humlazimisha mnyoaji kukandamiza wembe, na hapo ndipo damu hutoka.

Damu ndiyo habari yetu ya leo. Ukimwona mwenzako ananyolewa, usijiulize tu zamu yako itafika lini. Jiulize: wembe ule uliopita kichwani kwake utapita na kichwani kwangu?

Musaga na kambini ni kitu kimoja

Wengi wetu tunaifahamu Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura. Kuna waliokaa huko kabla ya kuletwa kambini, na kuna wanaokwenda kuwatembelea ndugu. Siku ya Jumamosi vinyozi wa Musaga hawapumziki. Kuna saluni zenye vioo vikubwa, viti vya kuzunguka na picha za mitindo ya nywele ukutani. Kuna na vibanda vya mbao vyenye kiti kimoja, kioo kimoja na mashine moja. Watu wanajipanga: wazee wa kanisa wanaojiandaa kwa Jumapili, wanafunzi, vijana wanaokwenda harusini, akina mama walioleta watoto watatu kwa mkupuo. Umeme ukikatika, mashine inawekwa pembeni na wembe unatoka.

Hapa kambini mambo ni yale yale, tofauti ni kwamba hali yetu ya mfuko ni ngumu zaidi. Kinyozi wetu ananyoa chini ya mti au pembeni ya nyumba. Mteja wa kwanza akimaliza, wa pili anakaa, na kifaa ni kile kile. Dawa za kuondoa nywele, krimu na poda zinazouzwa madukani Bujumbura zinafika na huku kwetu, nyingi bila boksi na bila karatasi ya maelezo. Kwa hiyo anayosoma mtu wa Musaga hapa yanamhusu, na ya mtu wa kambini ni hayo hayo.

Hatumlaumu mtu. Kinyozi anatafuta chakula cha watoto wake, na mteja anataka kuonekana msafi mbele za watu. Kujipamba si dhambi wala si ujinga. Mtu aliyekimbia nyumbani kwake na kupoteza vitu vyake vyote ana haki ya kujitazama kwenye kioo na kujipenda. Tunachotaka ni kwamba usafi huo usimletee ugonjwa.

Wembe unabeba nini?

Wembe unapopita juu ya ngozi hukwangua pia tabaka la juu la ngozi yenyewe. Vijeraha vingine ni vidogo mno kiasi kwamba macho hayavioni, ila utavijua ukipaka spiriti, kwa sababu panawaka. Kupitia vijeraha hivyo damu kidogo hubaki kwenye wembe. Mtu anayefuata akikatwa na wembe huo, damu ya mwenzake inaweza kuingia kwake.

Kuna magonjwa matatu ya kufikiria hapa.

La kwanza ni virusi vya UKIMWI. Tuseme ukweli bila kutishana: njia kubwa ya maambukizi katika nchi zetu ni kujamiiana bila kinga, na virusi hivi havidumu muda mrefu nje ya mwili. Hatari ya kuambukizwa kwa kinyozi ni ndogo. Lakini pale ambapo wembe wenye damu mbichi unatoka kwa mtu mmoja na kwenda kwa mwingine papo hapo, hatari ipo, na ni hatari isiyo na sababu yoyote ya kuwepo.

La pili ni homa ya ini aina ya B. Hii wengi hatuizungumzi, na ndiyo inayotakiwa kutushtua zaidi. Virusi vyake huambukiza kwa damu kwa urahisi kuliko vya UKIMWI, na vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka ambayo huioni. Maana yake ni kwamba wembe uliotumika Jumamosi iliyopita bado unaweza kuwa na virusi Jumamosi hii. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hupambana na kushinda. Mtoto mchanga akiambukizwa, kati ya watoto 10 karibu 9 hubaki na virusi maisha yao yote, na baada ya miaka mingi ini linaweza kukakamaa au kupata saratani.

La tatu ni homa ya ini aina ya C. Hii nayo hupita kwenye damu. Haina chanjo, ila siku hizi kuna vidonge vinavyoiponya watu wengi kwa wiki 8 hadi 12.

Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Imo ndani ya sindano wanayopewa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama, usikose tarehe zilizoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Lakini watu wazima wengi kati yetu hatukuipata tulipokuwa watoto, kwa hiyo kinga yetu ni tabia zetu.

Mashine nayo inaweza kubeba

Wengine husema mashine ya umeme haina tatizo kwa sababu haikati ngozi. Ni kweli kwamba mashine ni salama kuliko wembe, hasa ikiwa na kitana na isipokandamizwa. Lakini meno yake yakilegea au yakipata joto hukwaruza, na mara nyingi damu huonekana nyuma ya kisogo na pembeni mwa masikio.

Tena mashine ina mzigo wake wa pekee: mapunye. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi wa kichwa, unaowapata zaidi watoto. Utaona duara lisilo na nywele, ngozi ina magamba, nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi, na mtoto anajikuna. Fangasi hukaa katika vipande vidogo vya nywele na magamba vinavyobaki kwenye meno ya mashine, kwenye kitana, kwenye taulo na kwenye kofia. Mtoto mmoja mwenye mapunye akinyolewa asubuhi, watoto wa shule nzima wanaweza kuyapata kwa mashine ile ile.

Wazazi wengi hupaka mafuta ya gari, chokaa au majani, na wengine humnyoa mtoto kipara kila wiki. Hayo hayaponyi. Fangasi huwa ndani ya mzizi wa nywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vizuri. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, ambayo hutumiwa kwa wiki 6 hadi 8, na ni vizuri imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Usiache dawa eti kwa sababu magamba yametoweka. Mlete mtoto kituo cha afya. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na shule, ila asiazime kofia wala kitana.

Vinyozi, haya ndiyo tunayowaomba

Kusafisha vifaa hakuhitaji hela nyingi. Kunahitaji utaratibu.

1. Wembe usirudiwe kwa mtu mwingine. Wembe wenye makali pande mbili unaweza kuvunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ukatoa nusu mbili. Nusu moja kwa mteja mmoja, nusu nyingine kwa mwingine. Kwa hiyo wembe mmoja unahudumia watu wawili bila wao kuchangia makali.

2. Mashine ikimaliza mteja, ikate umeme, piga brashi nywele zote zitoke, halafu futa meno kwa kitambaa safi chenye spiriti ya asilimia 70, na uache ikauke yenyewe. Spiriti kali mno, ile ya asilimia 95, haiui vizuri kama ya 70, kwa sababu hukauka haraka na inahitaji maji kidogo ili ifanye kazi.

3. Kuna wanaomwagia meno ya mashine spiriti na kuiwasha moto. Moto ule wa kufumba na kufumbua hautoshi kuua vijidudu, na umekwisha kuunguza mikono ya watu. Acheni.

4. Mikasi, kishikio cha wembe na vitana: osha kwanza kwa maji na sabuni hadi uchafu na damu viishe, kwa maana damu huimaliza nguvu dawa. Kisha loweka katika javeli iliyochanganywa na maji kwa dakika 10, halafu suuza na ukaushe, la sivyo chuma kitapata kutu. Soma chupa yako. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, changanya kipimo 1 cha javeli na vipimo 9 vya maji. Ikiwa ni asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6. Ikiwa ni asilimia 2.6, kipimo 1 kwa vipimo 4. Mchanganyiko wa jana mwage, tengeneza mwingine leo. Usichanganye javeli na kitu kingine chochote zaidi ya maji.

5. Asiye na javeli achemshe vifaa vya chuma kwa dakika 20, akihesabu tangu maji yaanze kutokota.

6. Jiwe la shabu lisipitishwe kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Shabu inazuia damu vizuri, lakini jiwe lililogusa damu ya watu 20 limekuwa kama wembe wa watu 20. Vunja kipande kidogo kwa kila mteja, au kila mtu aje na chake.

7. Nyembe zilizotumika zikusanywe katika kopo lenye mfuniko, likijaa litupwe ndani ya choo cha shimo. Tusizitupe jalalani ambako watoto wetu hucheza bila viatu.

Mteja naye ana kazi yake

Nunua wembe wako. Uweke katika kopo dogo, ukiwa mkavu, mbali na watoto. Mtu mmoja anaweza kuutumia wembe wake zaidi ya mara moja mradi bado ni mkali na hauna kutu. Hata mke na mume kila mtu awe na wake. Kuolewa hakufanyi damu kuwa moja.

Ukifika kwa kinyozi, mwombe kwa upole asafishe mashine mbele yako. Usione haya. Kinyozi akijua kwamba wateja wanaangalia, atazoea. Ukitokwa na damu, mwambie papo hapo, ili kifaa kile kisiende kwa anayekufuata.

Na ikitokea umekatwa na wembe wenye damu ya mtu mwingine, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni. Usikamue, usitie javeli kwenye kidonda. Kisha nenda kituo cha afya haraka. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini. Zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora zaidi, na humezwa kwa siku 28.

Vipele vya ndevu na mabonge ya kisogo

Vijana wengi hutuuliza kwa nini kila wakinyoa ndevu wanatoka vipele kidevuni na shingoni. Wengi hudhani ni wembe mchafu. Mara nyingine ni kweli, ila mara nyingi sababu ni umbo la nywele zetu. Nywele za Mwafrika hujikunja. Zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha inakuwa kali kama mkuki. Zinapoota hujipinda na kurudi kuichoma ngozi, au huota ndani kwa ndani. Mwili huzipokea kama mwiba: panavimba, panauma, pengine panatunga usaha.

Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wiki chache hadi ngozi itulie. Baadaye nyoa kwa mashine na uache nywele fupi badala ya kuzimaliza kabisa. Anayetaka wembe aloweshe ndevu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika kadhaa, atumie wembe mkali, afuate upande nywele zinakolalia, wala asiivute ngozi. Usipitishe wembe mara tano mahali pale pale.

Kisogoni vipele hivi vinaweza kugeuka kuwa mabonge magumu yasiyoota nywele. Ukiviona vinaanza, mwambie kinyozi asikwangue kisogo kabisa, na uje kituoni mapema. Mabonge yakishakuwa makubwa matibabu yake ni marefu.

Hapa kuna mtego mmoja. Vipele vikipona huacha madoa meusi. Mtu anachukia madoa, anakwenda sokoni, anauziwa krimu ya kung'arisha. Siku chache za kwanza anafurahi: vipele vimetulia, uso umeng'aa. Anaendelea miezi. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, na akiacha krimu uso unawaka moto. Anairudia ili apate nafuu, na hapo amekuwa mfungwa wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tafuteni maneno haya kwenye boksi au tyubu: hydroquinone, clobetasol, mercury au mercure, calomel. Ukiyaona kwenye krimu ya sokoni, usiipake. Hayo mawili ya mwisho ni zebaki, ambayo huharibu figo na humdhuru mtoto aliye tumboni. Na kitu kisicho na maandishi yoyote ndicho cha kuogopa zaidi.

Krimu na poda za kuondoa nywele

Dawa hizi hazikati nywele. Zinaziyeyusha. Ndani yake mna kemikali, nyingi za aina ya thiogilikoleti, zinazovunja keratini, yaani protini inayozijenga nywele. Lakini ngozi nayo imejengwa kwa keratini. Kwa hiyo dawa haijui mwisho wa nywele na mwanzo wa ngozi. Kinachokulinda ni saa tu. Dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, mara nyingi kati ya 3 na 10, si za kukisia. Ukiongeza dakika 10 kwa sababu nywele bado hazijatoka, umeanza kujiunguza.

Anayezitumia ajaribu kwanza kidogo kwenye mkono na kusubiri saa 24. Asipake mahali penye kidonda, penye vipele, wala mahali palipotoka kunyolewa. Sehemu za siri kwa ndani hapapakwi kabisa. Krimu ikianza kuwaka iondolewe mara moja kwa maji mengi.

Poda za kunyolea ndevu zenye harufu ya yai viza ni za kuangaliwa zaidi. Baadhi zina salfaidi ya bariamu, ambayo ni sumu ikimezwa. Usiihamishie kwenye kopo la unga wala la sukari. Mtoto akiimeza, usimlazimishe kutapika, mkimbize kituoni pamoja na kopo lenyewe.

Akina mama wa pwani, wa Zanzibar na hata ndugu zetu walioko Omani, wana njia zao za zamani. Wengine hunyonyoa kwa vidole vilivyopakwa majivu, ili nywele zisiteleze. Wengine hupika halawa ya sukari na limau, wakaibandika na kuivuta. Njia hizi hazina wembe, na hilo ni jema, lakini halawa ya moto imeunguza wengi: iache ipoe mpaka uweze kuishika. Na halawa iliyokwisha kubandikwa kwa mmoja isibandikwe kwa mwingine, kwani nayo hutoa damu.

Yaliyowapata wengine

Tusidhani ni sisi tu. Marekani, mwaka 1930, ilianza kuuzwa krimu ya kuondoa nywele iliyoitwa Koremlu. Ilikuwa na thaliamu, sumu kali. Wanawake waliipaka juu ya mdomo ili waondoe vinyweleo, wakapoteza nywele za kichwani, wakapata maumivu ya miguu, na wengine wakapooza. Kampuni ilifilisika mwaka 1932. Kesi za namna hiyo zilichangia kuifanya nchi hiyo itunge sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938.

Miaka hiyo hiyo ya 1920 na kuendelea, saluni za urembo huko ziliondoa nywele usoni kwa miale ya eksirei. Nywele zilitoka bila maumivu, kila mtu akasifu. Miaka ilipopita, ngozi zilikauka na kukunjamana, na wengine wakapata saratani.

Funzo ni moja: dawa kuleta matokeo haraka si ushahidi kwamba ni salama. Watu wale walikuwa na hela, walikuwa na madaktari, na bado walidanganywa na boksi zuri. Sisi tunaonunua kipande cha krimu kwenye mfuko wa plastiki tuwe waangalifu mara mbili.

Mama unayekaribia kujifungua, soma hapa

Hili tunaliomba lisomwe kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.

Akina mama wengi wakikaribia siku zao hujinyoa sehemu za siri, au huombwa na mama mkwe au shangazi wafanye hivyo, ili wasionekane wachafu mbele ya mkunga. Wengine wanachelewa kufika uzazini kwa sababu uchungu umewakuta hawajajinyoa. Wengine hukatwa kwa haraka, tumbo likiwa kubwa, hawaoni wanachokata.

Mama, si lazima. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2015, limesema kunyoa mama kabla ya kuzaa kusifanywe kama desturi, kwa sababu hakujaonekana kupunguza maambukizi. Na kwa wanaofanyiwa upasuaji, miongozo ya mwaka 2016 inasema nywele ziachwe, na zikibidi kuondolewa zipunguzwe kwa mashine, siyo wembe. Vijeraha vya wembe ni milango ya vijidudu, tena mahali ambapo huenda ukashonwa.

Nywele za sehemu hizo si uchafu. Ukitaka, zipunguze kwa mkasi safi wiki moja au mbili kabla. Maji na sabuni vinatosha. Uchungu ukianza, safari ni ya kwenda uzazini. Mkunga anamsubiri mtoto, si nywele.

Msibani, na kwa mtoto mchanga

Katika familia zetu nyingi, mtu akifa, ndugu hunyolewa kichwa. Ni heshima kwa marehemu, na hakuna anayesema iachwe. Lakini mara nyingi wembe ni mmoja, unaanzia kwa mkubwa hadi mtoto wa mwisho. Familia iliyozika mtu mmoja isijitengenezee ugonjwa siku ya matanga. Wanaokuja kutoa pole wanaweza kuleta nyembe pamoja na sukari na sabuni. Ni mchango mdogo wenye maana.

Ndugu zetu Waislamu humnyoa mtoto siku ya saba, wakati wa akika. Tumieni wembe mpya uliofunguliwa siku hiyo hiyo, lowesheni nywele, mshikeni mtoto kichwa, na mkwepeni utosi laini usikandamizwe. Mtoto wa siku 7 bado hajaanza chanjo ile ya wiki 6. Kumbukeni hesabu ya watoto 9 kati ya 10 tuliyoisema juu.

Wembe wa mtu mwingine usitumike kwa chale. Na kumkata mtoto kilimi tunaomba kuachwe kabisa: kunaleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda na hata kifo. Mtoto anayekohoa au asiyenyonya aletwe kituoni.

Maswali tunayoulizwa

*Je, kunyoa kunafanya nywele ziote nene zaidi?* Hapana. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana unaihisi ngumu. Mzizi haubadiliki.

*Je, nikinyoa sehemu za siri sitapata magonjwa ya zinaa?* Hapana. Nywele kuondoka kunaondoa chawa wa sehemu hizo tu. Vijeraha vipya hurahisisha virusi kama vya malengelenge kuingia. Ngoja ngozi ipone kabla ya kujamiiana, na tumieni kondomu.

*Je, dini inasema nisipitishe siku 40?* Waislamu wengi hufuata hivyo. Mkasi au mashine yako mwenyewe inaweza kutumika badala ya wembe. Muulize sheikh wako, utaona kwamba usafi na usalama havigombani.

*Je, upele unaisha nikinyoa?* Hapana. Upele wa kuwasha usiku unatokana na vijidudu vinavyojichimbia ndani ya ngozi. Njoo kituoni upate dawa, pamoja na wote mnaolala nyumba moja.

*Sina hela ya wembe kila wiki, nifanyeje?* Nunua mmoja wenye makali pande mbili, uvunje, nusu yako na nusu ya ndugu yako. Au acha nywele ziote. Nywele safi zilizooshwa kwa sabuni hazijawahi kumuua mtu.

Tuanze lini?

Kumbuka mambo manne. Wembe wako ni wako peke yako. Mashine isafishwe kabla haijakugusa. Krimu isiyo na maandishi irudi kwa muuzaji. Na mama mjamzito aende uzazini kama alivyo.

Vinyozi wa kambini wanaotaka kufundishwa kuchanganya javeli na kusafisha mashine wamtafute mjitolea wa afya wa mtaa wao. Hatutozi kitu, na hatuji kumfungia mtu kazi. Tutaleta kopo la kutupia nyembe, na kinyozi atabaki na kazi yake.

Siku ya kunyolewa haiko mbali, labda ni Jumamosi hii. Jirani yako akikaa kwenye kiti, wewe tia maji nywele zako, na utoe wembe wako mfukoni.